Ua la Ukingo wa Shamba

Lebo ya ua lile niliiandika mara saba. Mara ya kwanza herufi za mwisho zilibanana pembeni mwa karatasi, mara ya pili wino uliacha doa, na mara nyingine zote sikumbuki kasoro ilikuwa nini. Nakumbuka tu kwamba niliiona. Ndivyo nilivyo. Nikifunga mlango narudi kuutikisa. Nikituma ujumbe nausoma tena baada ya kuutuma, kisha nakosa raha kwa ajili ya nukta. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kosa nitakalolisimulia lilitokana na uzembe. Lilitokana na umakini, na hilo ndilo linaloniuma.

Mimea hakunifundisha mtu. Nilimaliza sekondari, ada ya chuo ikakosekana, nikabaki nyumbani kwetu katika kambi ya jeshi pale Kasese, ambako baba ni mwanajeshi. Baba anatoka kaskazini, mama alizaliwa upande wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Sisi watoto tukakikuta sebuleni kama kiti. Nilikuwa na simu yenye kioo kilichopasuka, kitabu kimoja cha magugu nilichokipakua ukurasa kwa ukurasa, na lenzi ndogo niliyopewa na fundi saa wa sokoni alipostaafu. Kwa vitu hivyo vitatu nilijiona mtaalamu. Nilikausha mimea ndani ya atlasi ya shule, nikiweka karatasi za gazeti kati ya kurasa na gunia la maharage juu yake.

Kila nafasi niliyoipata nilikwenda Bwera kwa mukaka, yaani bibi yangu, mama yake mama. Nikiifikiria nyumba ile sasa, kinachonijia kwanza ni harufu. Juu ya meko alikuwa na uchaga wa miti, na kwenye uchaga yalining'inia mahindi ya mbegu, yamesukwa kwa maganda yake mawili mawili, yamekuwa ya kahawia kwa moshi. Moshi ule uliingia katika nguo, katika uji, katika nywele zangu. Nilipokuwa nikirudi Kasese mama alikuwa ananinusa mlangoni kabla ya kuniuliza habari za safari.

Mahindi yale yalikuwa na punje ndogo, nyeupe, na hapa na pale punje moja ya zambarau. Mukaka alikuja nayo kutoka ng'ambo miaka mingi iliyopita, vita vilipowafukuza. Alivuka daraja la Mpondwe na mama yangu mgongoni na mahindi manne aliyoyafungia katika kitenge. Alikuwa akisema watu wengine walivuka na magodoro, na magodoro yote yalishaoza.

Shamba lake lilikuwa kwenye mteremko juu ya mji, dogo, na ukingoni aliacha ukanda wa nyasi usiolimwa kwa ajili ya mbuzi. Alilima pamoja na akina mama wengine sita, kwa zamu: leo shamba la huyu, kesho la yule. Na walikuwa na desturi ambayo sijaiona mahali pengine. Asubuhi ya kupanda, kila mmoja huja na ukufi wa mbegu kutoka uchaga wa nyumbani kwake na kuumwaga katika ungo wa mwenye shamba. Mbegu zinachanganywa, ndipo zinapandwa. Shamba likikubali, limekubali kwa mikono ya wote. Likikataa, hakuna wa kumcheka mwenzake. Nilipokuwa mdogo nilipewa kazi ya kuchanganya, na nilipenda ubaridi wa punje zikipita kati ya vidole.

Ua nililiona wakati wa kuvuna, mwishoni mwa Juni. Lilikuwa limesimama katika ukanda wa nyasi, kimo cha goti, shina moja jembamba lenye malaika wa kukwaruza, yaani vinyweleo vifupi, na juu yake mstari wa maua madogo ya rangi ya urujuani. Mengine machache yalikuwa yameingia ndani, kwenye safu mbili za kwanza za mahindi. Redioni bwana shamba alikuwa ameonya mara nyingi kuhusu kiduha, gugu la mwaka mmoja lenye maua mazuri, ambalo halijishughulishi kutafuta chakula lenyewe. Hukamata mizizi ya mahindi chini ya udongo na kuinyonya, na mahindi hudumaa kabla mkulima hajaona chochote. Mbegu zake ni kama vumbi. Hukaa ardhini miaka, na husafiri kwa kujificha kati ya punje za mahindi.

Nilikata mashina matano kwa wembe, sawasawa, juu kidogo ya udongo. Sikuyang'oa na mizizi. Udongo ungechafua karatasi.

Siku kumi na mbili baadaye niliifungua atlasi. Maua yote yalikuwa yamegeuka meusi, na kitabu changu kilisema kiduha kikikauka huwa cheusi. Nikachukua lenzi. Kitabu kilisema alama ya uhakika ni mrija wa ua: katika kiduha, mrija huo unapinda ghafla kama goti. Niliangalia ua la kwanza, lilikuwa na goti. La pili, goti. Niliangalia maua ishirini na matatu, na yote yalikuwa yamepiga goti. Nikaandika jina la kisayansi la kiduha, Striga, mara saba.

Mukaka alikuwa anachambua maharage nilipomwonyesha. Macho yake hayakuwa mazuri. Aliitazama karatasi yenye maua kwa mbali, kisha akanitazama mimi.

"Weye unajua hii kwa kweli?"

"Najua, mukaka. Nimehakikisha."

"Hapana kwa kukisia?"

"Nimeangalia maua ishirini na matatu."

Akafuta mikono kwenye kitenge. "Basi bamama bajue. Mimi siwezi kubapelekea ugonjwa ndani ya ungo."

Aliwaita siku ileile. Nakiri kwamba nilifurahi. Wanawake saba walikaa uani, na mimi nikapitisha lenzi ya fundi saa kutoka mkono hadi mkono, nikieleza goti. Mwenyekiti wao, mama mnene aliyeuza samaki wa chumvi siku za soko la Mpondwe, alishika lenzi kinyume na kusema haoni kitu ila kidole chake, lakini kama mtoto wa mujeshi amesoma, amesoma. Wakazungumza kwa sauti ya chini. Halafu mwenyekiti akamwambia mukaka kwa upole kwamba msimu huu apumzike. Shamba lake lisilimwe, na ukufi wake usiingie katika ungo wa mtu.

"Njo vile," mukaka akasema, yaani ndivyo. "Hata mimi ningesema vile."

Bwana shamba wa redioni alishauri kuchoma. Kesho yake mukaka aliteremsha mahindi kutoka uchagani, jozi moja baada ya nyingine, na kuyachoma pamoja na mabua shambani. Hakulia. Alishika kijiti na kurudisha motoni yaliyoviringika nje. Uchaga ulipobaki mtupu, nyumba ilionekana kuwa na dari ya juu kuliko niliyoijua. Mimi nilirudi Kasese na lebo yangu safi.

Wiki tatu zilipita. Mama akaniambia twende Kasenyi, kwenye ufuko wa Ziwa George, kununua sato kwa ajili ya kipaimara cha ndugu yangu. Tulipokuwa njiani tairi la bodaboda yangu likatoboka katikati ya mbuga, mahali ambapo hakuna kitu ila nyasi kavu, vichaka vya miba na barabara. Mama alikuwa kwenye bodaboda ya mbele, akatangulia. Dereva wangu alianza kubandua tairi.

"Dada, usiende mbali," akasema. "Huku tembo hawaulizi kitambulisho."

Sikwenda mbali. Hatua tano kutoka barabarani lilikuwa limesimama ua langu. Malaika walewale, urujuani uleule. Nilijiuliza linafanya nini pale, mahali ambapo hapajawahi kupandwa hindi hata moja. Nikapiga magoti. Sikuwa na wembe, kwa hiyo nilichimba kwa ufunguo wa nyumbani na kulitoa lote na udongo wake. Mzizi wake ulikuwa mfupi, na katika ncha yake ulikuwa umeshika mzizi mwembamba wa nyasi. Nyasi tu. Kisha nikaliangalia ua lenyewe, bichi, kwa lenzi.

Mrija ulikuwa umenyooka.

Niliangalia jingine na jingine. Yote yalikuwa yamenyooka, au yamejikunja kidogo sana, kama kidole kinachopumzika. Hakuna goti. Dereva akaniuliza kama nimepoteza hereni.

Nilijua palepale kilichotokea. Maua niliyoyaona Bwera yalipigishwa goti na atlasi yangu. Niliyalaza kwa ubavu, moja moja, kwa kibano, ili yaonekane vizuri, nikaweka gunia la maharage juu, na uzito ukayavunja yote mahali pamoja, pale ambapo mrija laini unatoka katika kikombe kigumu. Kwa sababu niliyapanga sawasawa, yalivunjika sawasawa. Mtu mzembe angepata mengine yaliyopinda na mengine yaliyonyooka, na angetia shaka.

Hapa kuna jambo ambalo ni vigumu zaidi kuliandika. Nilijua kando ya barabara ile, na bado nilikaa siku nane bila kusema. Nilijiambia kwamba nahitaji uhakika. Niliyakausha maua ya Kasenyi ndani ya atlasi ileile, chini ya gunia lilelile, nikiyafungua kila asubuhi. Yaligeuka meusi. Yakapiga goti. Nilisoma usiku na mchana hadi nikapata jina lake, Buchnera, jamaa wa kiduha, naye pia ni mnyonyaji, naye pia huishi mwaka mmoja, lakini hapa kwetu maisha yake ni ya mbugani, kwenye nyasi kavu. Yale ya kwenye safu za mahindi yalifuata mizizi ya nyasi iliyopenya kutoka kwenye ukanda wa mbuzi. Nililinganisha malaika. Nilihesabu mistari ya kikombe cha ua. Uhakika nilikuwa nao tangu saa ya kwanza. Nilichokuwa nikikitafuta ni njia ya kukosea bila kuonekana.

Baba alinikuta mezani nikiandika barua kwa kikundi. Ilikuwa rasimu ya nne. Aliisoma akiwa amesimama, na buti bado miguuni.

"Hii barua ya nini?"

Nikamweleza.

"Ulikosea mbele ya watu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi hakuna barua. Unarudi mbele ya watu walewale, unasimama, unasema. Kesho asubuhi."

"Baba, kesho sijamaliza ku..."

"Nimesema kesho."

Alikuwa na sauti ile ya gwaride, na kwa mara ya kwanza maishani nilifurahi kuamriwa.

Niliwakuta akina mama katika shamba la mwenyekiti, wakitayarisha ardhi. Walikuwa sita. Mukaka hakuwepo, na nafasi yake katika mstari ilikuwa wazi, hawakuwa wameiziba. Nilisimama mbele ya majembe na kusema yote: atlasi, gunia, goti la uongo, tairi la Kasenyi, na siku nane. Nilikuwa nimebeba ua bichi, nililoling'oa njiani kwenye ukanda wa nyasi wa mukaka, ndani ya chupa ya maji ili waone wenyewe.

Mwenyekiti aliegemea jembe.

"Kumbe ni maharage njo ilipiga hii ua magoti," akasema.

Mmoja akaguna kwa kicheko. Mwingine, mwembamba, ambaye tangu zamani hakupenda midomo mingi, hakucheka. "Na mbegu ya mukaka yako? Nayo ilichomwa na maharage?"

"Ilichomwa kwa sababu yangu, mama."

"Aa. Sema tena, na wale ya nyuma basikie."

Nikasema tena. Hakukuwa na wa nyuma. Walikuwa sita tu. Mwenyekiti akachukua chupa, akalitazama lile ua, akampa yule mwembamba, na ikazunguka. Halafu akasema Jumatatu watalima kwa mukaka, na kwamba mimi nitalima mwanzo wa mstari, mahali penye mawe. Hivyo tu. Nilikuwa nimejiandaa kwa mambo mabaya zaidi, na urahisi wao ulinifanya nilie kuliko matusi.

Mukaka alinisikiliza akiwa amekaa chini ya uchaga mtupu. Nilipomaliza aliuliza kama nimekula. Baadaye akasema shamba litalimwa, vizuri, atanunua mbegu ya dukani, ile ya kopo, yenye dawa nyekundu.

"Na ukufi wako?" nikamwuliza. "Utapeleka nini kwenye nyungo za wengine?"

"Nitapeleka ile ya kopo."

"Lakini uliwahi kuwagawia watu mbegu yako. Yule rafiki yako wa Kisinga, mliyevuka naye. Anayo."

"Ile nilimupa." Alisema kwa mkato, kama mtu anayefunga dirisha. "Mbegu ya kupana hairudi. Mimi siendi kuomba kitu nilipana."

Nilijua desturi hiyo. Mwanamke akishagawa mbegu haiombi tena. Kuomba ni kusema kwamba hakugawa, aliazima. Nikamwambia kwamba mimi sikumpa mtu chochote, kwa hiyo naweza kuomba. Asubuhi nilikuta ameniwekea kitambaa safi kimekunjwa juu ya viatu vyangu.

Rafiki yake alikaa nyuma ya Kisinga, njia ya migomba, mwanamke mfupi mwenye kicheko cha puani. Alinisikiliza akimenya ndizi.

"Weye njo ulichomesha mbegu ya dada yangu?"

"Ni mimi, mama."

"Na unasoma?"

"Najisomea."

"Mwalimu yako iko na kazi." Akaingia ndani, akatoka na mahindi sita meusi kwa moshi, akayaweka kwenye mkeka mbele yangu. Nilinyoosha mkono kuyafunga katika kitambaa, akanipiga kidogo kwenye kiganja. "Hapana hivyo. Hii haiendi na gunzi. Pukuchua. Ya katikati tu. Ya kichwa na ya mukia tunakula, maana inazaa mahindi mafupi. Na iliyopasuka, toa. Iliyo na kitundu, toa. Mimi nitapika."

Nilikaa pale mpaka jua lilipohama upande wa pili wa nyumba. Mahindi makavu yanakata vidole. Safu ya kwanza ndiyo ngumu, baada yake nyingine zinaachia. Punje nilizitazama moja moja. Nilizigeuza, nikatafuta ufa, nikatafuta kitundu cha fukusi. Nilikuwa na lenzi mfukoni na sikuitoa. Mama yule alipita mara mbili akachungulia juu ya bega langu, na mara ya pili akasema nikiendelea hivyo watoto watapanda mwaka kesho. Sikuharakisha. Alinipa ndizi na maharage, nikala huku mkono wa kushoto umeshika hindi.

Nilifika Bwera jioni. Mukaka alifungua kitambaa juu ya ungo, akainama hadi uso wake ukakaribia kugusa punje, kisha akaacha kutumia macho. Alizipitisha chini ya vidole, polepole, akizisukuma kutoka upande mmoja wa ungo hadi mwingine. Kila alipokuta asiyoitaka aliitoa na kuiweka pembeni. Nilizihesabu. Alitoa kumi na moja.

"Hizi zina nini?" nikauliza. "Nilizitazama zote."

"Hii ni ya mukia." Akaichukua nyingine. "Hii nayo. Shika. Iko na bega."

Nilishika. Kweli ilikuwa na bega, upande mmoja ulioinuka kidogo mahali ilipobanwa na ncha ya gunzi. Sikuwahi kujua kwamba punje ya hindi ina bega. Akanipa nyingine, na nyingine, hadi vidole vyangu vikaanza kulitambua bila kuambiwa, halafu akanisogezea ungo wote nianze upya. Nikaanza upya. Yeye akaenda kuweka sufuria motoni, na zile kumi na moja akazitia ndani, pamoja na maharage.